Bima ya biashara Mwanza: namna ya kuilinda haki yako ya kulipwa fidia

Dai la bima huamuliwa kwa karatasi, na nyingi kati ya karatasi hizo huwa zimekwisha kuandikwa kabla moto haujawaka wala maji hayajaingia dukani: fomu ya maombi, hati ya bima yenyewe, risiti ya ada, daftari la mali na hesabu zilizopelekwa TRA. Mwenye ghala la dagaa Kirumba, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nyakato na mwenye mashine za kusaga nafaka Igoma wanaweza kupata hasara ya aina moja katika wiki moja, wakalipwa viwango vitatu tofauti, na kila kampuni ya bima ikawa imefuata sheria. Mwongozo huu unafuata njia ambayo dai lenyewe hupita, tangu siku ya kukata bima hadi siku ya kufungua shauri, na unakaa zaidi pale ambapo wafanyabiashara wengi hupotezea haki zao.

Kuhusu sheria yenyewe, mambo mawili yanatosha kwa kuanzia. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, na Mamlaka hiyo ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni, mawakala, madalali na watathmini wa hasara. Mkataba kati yako na kampuni, hata hivyo, unatawaliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pamoja na kanuni za mahakama za Uingereza zilizopokelewa nchini kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Kwa sababu hiyo usishangae wakili wa kampuni akinukuu hukumu iliyotolewa London zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hana haja ya kukudanganya, kwa kuwa nyingi bado zina nguvu ya kushawishi katika mahakama zetu.

Unakata bima kupitia nani, na kwa jina la nani

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba kampuni na mtu anayekuuzia bima wana leseni hai ya TIRA. Mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na ina mfumo wa mtandaoni unaomwezesha mteja kuhakiki kama bima aliyouziwa imesajiliwa kweli. Lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo au katika akaunti ya kampuni, si katika simu ya mtu binafsi, na dai risiti siku hiyo hiyo. Kinga huhesabiwa tangu ada ilipopokelewa. Ahadi ya kulipa Jumatatu haimsaidii mtu ambaye duka lake limeungua Jumapili.

Kuna tofauti ambayo wateja wengi hawaijui, nayo huja kuwa na uzito mkubwa mahakamani. Wakala wa bima kwa kawaida ni mtu wa kampuni: anachokifahamu kuhusu biashara yako kinaweza kuhesabiwa kuwa kampuni nayo ilikifahamu. Dalali wa bima kwa kawaida ni mtu wako wewe, hata kama malipo yake yanatoka katika ada unayolipa. Ukimweleza dalali kwamba nyuma ya duka kuna mtu anayechomelea vyuma naye akasahau kuiandikia kampuni, kosa hilo litahesabiwa kuwa lako mbele ya kampuni, na utakachobaki nacho ni haki ya kumdai dalali kwa uzembe. Basi muulize mapema anayekuhudumia amesajiliwa kama nani.

Suala la jina linahitaji uangalifu zaidi, hasa katika biashara za familia. Sheria inataka mwenye bima awe na maslahi katika kitu alichokikatia bima, yaani awe ni mtu ambaye kitu hicho kikiharibika anaumia kifedha kwa namna ambayo sheria inaitambua. Mara nyingi hapa mjini duka ni la mama, leseni ina jina la kaka, pango linalipwa na kampuni iliyosajiliwa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), na bima imekatwa na mtoto aliyekuwa na nafasi siku hiyo. Wenyewe hawaoni tatizo kwa kuwa fedha zote zinaishia nyumba moja. Mahakama inaona watu wanne. Hukumu inayotajwa siku zote ni ile ya Macaura, iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya Uingereza mwaka 1925: mwenye shamba aliiuzia mbao zake kampuni ambayo karibu hisa zote zilikuwa zake, akaendelea kuzikatia bima kwa jina lake binafsi, mbao zikaungua, akakosa fidia kwa sababu mbao hazikuwa zake tena bali za kampuni. Dawa yake ni rahisi, na ni mstari mmoja tu katika hati: waandikwe wote wenye maslahi, pamoja na namba ya usajili wa kampuni au jina la biashara kama lilivyo katika cheti.

Mwenye mkopo wa benki ana jambo lake la peke yake. Benki hukata fedha ya bima kutoka katika mkopo, naye mkopaji hujihesabu kuwa biashara yake imekingwa. Aghalabu makato hayo ni ya bima ya mkopo, ambayo hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, na haihusiani kabisa na moto wa ghala. Hata pale ambapo benki imeikatia bima mali iliyowekwa rehani, hati huwa inaitaja benki kuwa ya kwanza kulipwa, na kiasi kilichokingwa kinaweza kuwa sawa na deni tu, si thamani ya mali yote. Omba nakala ya hati hiyo. Ni haki yako kuiona, kwa kuwa ni wewe uliyelipa ada.

Fomu ya maombi

Kama ningeambiwa nichague karatasi moja ya kuisoma kwa makini kuliko nyingine zote, ningechagua fomu ya maombi, ambayo wengi huijaza wakiwa wamesimama, mteja mwingine akisubiri bei. Mkataba wa bima ni mkataba wa uaminifu wa hali ya juu. Katika kununua ng'ombe mnadani muuzaji hana wajibu wa kutaja kila dosari usiyoiuliza. Katika bima, anayeomba kinga anatakiwa kueleza kila jambo la msingi analolijua, hata lisipoulizwa, ikiwa jambo hilo lingemfanya mtoa bima mwenye busara abadili ada au akatae kabisa. Kanuni hii ilitamkwa na Jaji Mansfield wa Uingereza mwaka 1766 katika shauri la Carter na Boehm, kwa hoja kwamba mambo ya hatari anayejua ni mwenye mali, na mtoa bima humwamini. Adhabu yake ni kali: kampuni ikithibitisha kwamba ulificha jambo la msingi, inaweza kuubatilisha mkataba wote, hata kama jambo ulilolificha silo lililosababisha hasara.

Mambo ya msingi kwa biashara za mji huu hayatofautiani sana. Hasara za miaka iliyopita, hata zile ambazo hukuzidai, yakiwemo maji ya Mto Mirongo yaliyowahi kuingia dukani. Kampuni nyingine kukataa kukukatia bima au kukufutia. Aina ya ujenzi: kibanda cha mbao na mabati kwenye msongamano wa Makoroboi si sawa na jengo la zege la Barabara ya Pamba, na fomu ikiandika "matofali" kwa kuwa ukuta wa mbele ni wa matofali, jibu hilo litakuja kusomwa tena. Majirani nao ni jambo la msingi: mkaanga samaki wa kuni, fundi wa kuchomelea, muuzaji wa mitungi ya gesi, mpaka rangi wa magari. Wengine huhifadhi petroli ya injini za mitumbwi kwenye madumu ndani ya stoo ya vyakula, na hawaitaji kwa sababu kila mtu mwaloni anafanya hivyo; desturi ya mtaa haiondoi wajibu wa kusema.

Mara nyingi wakala ndiye anayejaza fomu, nawe unaweka sahihi tu. Sahihi hiyo inakufunga. Mahakama huanza na dhana kwamba mtu mzima aliyetia sahihi ameyakubali yaliyoandikwa, na kusema tu kwamba fomu ilikuwa kwa Kiingereza si hoja yenye nguvu peke yake. Kwa hiyo omba usomewe kila swali kwa Kiswahili, sahihisha kwa kalamu pale penye kosa, na kabla hujairudisha ipige picha kurasa zote. Hatua ya mwisho inachukua dakika mbili, na ndiyo inayoamua mabishano ya baadaye kuhusu nani alisema nini.

Wajibu huu hauishii siku ya kwanza. Bima ya biashara nyingi ni ya mwaka mmoja, na kila unapoihuisha unaingia mkataba mpya, hivyo lililobadilika tangu mwaka jana linapaswa kusemwa. Hati nyingi huongeza sharti kwamba mabadiliko makubwa ya hatari yatolewe taarifa hata katikati ya mwaka. Aliyekuwa anauza vitenge akageuza nusu ya duka kuwa sehemu ya kuuza magodoro ya sponji amebadilisha hatari ya moto, hata kama anwani ni ile ile.

Kiasi cha bima na mwezi wa ziwani

Kosa la kukata bima ya kiasi kidogo ili ada ipungue lina gharama ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa, kwa sababu hati nyingi za moto na majanga zina kanuni ya uwiano. Tuchukue mfano. Ghala lina mzigo wa shilingi milioni 120, mwenyewe akaukatia bima ya milioni 60. Moto ukaunguza mzigo wa milioni 30. Yeye anahesabu kwamba milioni 30 ziko ndani ya milioni 60, basi atalipwa zote. Kampuni inahesabu kwamba alikinga nusu ya mali na nusu nyingine aliamua kuibeba mwenyewe, kwa hiyo inamlipa nusu ya hasara, milioni 15. Ikiwa kuna eksesi, yaani sehemu ya hasara anayoibeba mwenyewe, ya asilimia 10, zinaondoka milioni 1.5 nyingine. Anaenda nyumbani na milioni 13.5.

Biashara ya dagaa inafanya hesabu hii kuwa ngumu zaidi kuliko biashara nyingine yoyote ya ziwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Maana yake mzigo ulioko ghalani Kirumba hupanda na kushuka kwa mwezi wa angani, na tena hupanda pale magari ya wanunuzi wa Kongo yanapochelewa. Mtu akimwambia wakala thamani ya mzigo wake siku ya mbalamwezi, atakuwa amejipunja. Giza likiisha ghala litakuwa na mara mbili au tatu ya hapo. Ziko njia mbili za kisheria za kulikwepa hilo. Ya kwanza ni kukata bima ya kiasi cha juu kabisa ambacho ghala huwahi kufikia. Ya pili ni kuomba hati ya kutangaza mzigo, ambayo unaweka kiasi cha juu, unalipa sehemu ya ada mwanzoni, kisha kila mwezi unapeleka taarifa ya mzigo uliokuwepo na ada hurekebishwa mwisho wa mwaka. Njia hii ni ya haki, lakini ina nidhamu yake: taarifa ya mwezi isipopelekwa, au ikapelekwa pungufu, fidia nayo hupunguzwa.

Na mzigo huo ulindwe mahali ulipo. Hati huikinga mali "katika anwani iliyotajwa". Dagaa walioanikwa kwenye mchanga, walio ndani ya mtumbwi kutoka Ukerewe, au waliopakiwa kwenye lori lililoegeshwa nje ya ghala hawamo, isipokuwa umelipia bima ya mizigo safarini au umeomba anwani nyingine ziongezwe.

Kuisoma hati kabla hasara haijatokea

Hati ikitoka, linganisha jina, anwani, kiasi na tarehe na yale uliyoandika, kisha uende moja kwa moja kwenye mambo yasiyokingwa. Hati ya kawaida ya moto hukinga moto, radi na aina fulani za mlipuko. Dhoruba, mafuriko, fujo za watu, gari kugonga jengo na uharibifu wa makusudi ni majanga ya nyongeza yanayolipiwa pembeni. Mwenye duka anayesema "nina bima" huku hakulipia mafuriko hana bima ya mafuriko, hata kama maji yaliingia usiku ule ule wa moto.

Maji ya Ziwa Victoria yana utata wake. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, ziwa lilipanda hadi vimo vilivyozidi kumbukumbu za huko nyuma, likameza mialo, vibanda na kuta za maghala ya ufukweni kwa majuma na miezi. Je, hayo ni mafuriko? Hati nyingi hulikinga tukio la ghafla na huondoa uharibifu unaotokea polepole, pamoja na unyevu unaopanda kutoka ardhini. Kampuni itasema maji yaliyopanda taratibu si tukio la ghafla. Mteja atasema neno "mafuriko" halikuwekewa mipaka katika hati yake. Hapa kanuni moja humsaidia mteja: maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika, na aliyeyaandika ni kampuni. Lakini kanuni hiyo hufanya kazi pale tu penye utata wa kweli. Kama hati inasema waziwazi kwamba kupanda kwa kina cha ziwa hakumo, hakuna jaji atakayeyafuta maneno hayo kwa huruma. Kwa mwenye jengo karibu na maji, ushauri wangu ni kumwandikia mtoa bima barua fupi ya swali hilo moja, na kulihifadhi jibu lake pamoja na hati.

Wenye vyumba vya baridi vya sangara na sato wasome sehemu ya umeme. Samaki kuoza kwa sababu umeme umekatika si hasara ya moto, na hukingwa kwa nyongeza maalumu tu. Na hata nyongeza hiyo hutofautisha kuharibika kwa mtambo wako, hitilafu ya ghafla ya umeme, na ukataji uliotangazwa mapema.

Kisha yako masharti ya ahadi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote kwa sababu yameandikwa kama mambo madogo. Unaahidi kwamba kutakuwa na mlinzi usiku kucha, kwamba vizima moto vitakaguliwa, kwamba milango itakuwa na kufuli za aina fulani, kwamba vitabu vya hesabu vitahifadhiwa nje ya jengo au katika kasha lisiloungua. Chini ya sheria ya zamani ya Uingereza sharti la namna hii lilitakiwa kutimizwa kama lilivyo, na kuvunjwa kwake kuliiondolea kampuni wajibu hata pale ambapo halikuchangia hasara. Waingereza wenyewe waliilegeza kanuni hiyo kwa Sheria yao ya Bima ya mwaka 2015, lakini mabadiliko hayo ni ya kwao na hayaingii nchini kwetu yenyewe. Kwa hiyo usikubali sharti usiloweza kulitimiza. Ukijua mlinzi wenu ni mmoja anayelinda maduka sita, sema hivyo, na uombe sharti liandikwe hivyo.

Mengine nayapitia haraka. Majeraha ya wafanyakazi kazini yanahusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri huuchangia kwa mujibu wa sheria, na hati ya moto haiwahusu. Gari la biashara lina bima ya lazima kwa ajili ya watu wengine, ambayo haikulipi wewe kwa gari lako. Boti ya abiria au mizigo inayozidisha uzito au iliyokosa ukaguzi wa TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, inaweza kumkosesha mwenyewe fidia yote. Na ukikatia mali moja bima mbili, hulipwi mara mbili. Kampuni hugawana hasara moja.

Baada ya hasara

Piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, toa taarifa polisi na uchukue namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo, kisha uijulishe kampuni siku hiyo hiyo. Simu haitoshi. Andika barua pepe au ujumbe wa maandishi unaotaja namba ya hati, tukio, saa na makadirio ya awali, kwa kuwa hati huweka muda wa kutoa taarifa kwa maandishi, na muda huo mara nyingi ni mfupi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokelewa mahakamani, hivyo usifute mazungumzo ya WhatsApp na wakala, hata yale ya salamu.

Una wajibu wa kuzuia hasara isiendelee, kama kutoa mzigo uliosalia au kufunika paa lililong'oka, lakini usitupe mabaki kabla mtathmini hajayaona. Magunia yaliyoungua nusu yana thamani ya ushahidi hata kama hayana thamani sokoni. Yapige picha, yahesabu mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na orodha itiwe sahihi.

Mtathmini wa hasara huteuliwa na kulipwa na kampuni. Ni mtaalamu mwenye leseni na wengi wao ni waadilifu, ila si mwakilishi wako. Atakuuliza maswali kwa upole huku akiandika maelezo utakayotia sahihi. Sema unachokijua, na usichokijua sema hukijui. Usikisie chanzo cha moto. Mtu akisema "labda ni jiko la kijana wangu", neno "labda" huwa halifiki kwenye ripoti.

Atakachokiomba mapema ni uthibitisho wa mzigo, na hapo ndipo madai mengi hupungukiwa. Kama kwa mwaka mzima uliieleza TRA kwamba mauzo yako ni milioni 30, kisha unadai mzigo wa milioni 90 uliungua kwa usiku mmoja, unalazimika kuchagua kati ya kuwa mkweli kwa TRA na kuwa mkweli kwa kampuni. Mtathmini ataomba risiti za EFD, taarifa za benki na ritani za kodi, na ana haki ya kuziomba ikiwa hati imesema hivyo. Daftari la kuingiza na kutoa mzigo, lililojazwa kila siku kwa mkono na lenye picha zake nje ya ghala, lina uzito kuliko orodha iliyochapwa vizuri baada ya moto. Na usiongeze chumvi. Hati nyingi zinasema dai lenye udanganyifu, hata kwa sehemu, linafuta fidia yote, na mahakama huliunga mkono sharti hilo.

Jambo jingine linahusu mapatano. Lori limegonga ukuta wa ghala lako, dereva anaomba radhi, wazee wanakaa, mnaandikiana kituoni kwamba mmesameheana na hakuna atakayemdai mwenzake. Ni ustaarabu mzuri, lakini umeondoa haki ambayo kampuni ingeirithi kwako ya kumdai mwenye lori, na kampuni inaweza kukataa kukulipa kwa sababu hiyo. Usitie sahihi mapatano yoyote na aliyesababisha hasara bila idhini ya kampuni kwa maandishi.

Kampuni ikifika mahali pa kulipa, italeta hati ya kukubali malipo, ambayo wengi huiita vocha. Isome. Kwa kawaida inasema kwamba kiasi hicho ni malipo kamili na ya mwisho. Ukiisaini kwa shida ya fedha huku moyoni hukukubali, itakuwa kazi kubwa kulifufua dai lako. Unaweza kuomba ulipwe sehemu isiyobishaniwa, na barua yako iseme wazi kwamba unapokea bila kupoteza haki ya kudai salio.

Kampuni ikikataa

Dai kukataliwa kwa maneno ya simu si kukataliwa. Andika ukiomba barua inayotaja kifungu cha hati wanachokitegemea na nakala ya ripoti ya mtathmini, hata kama hiyo ya pili huenda wakakunyima. Barua hiyo itaonyesha mgogoro ni wa aina gani: kama ni wa kuficha jambo, wa kuvunja sharti, wa tukio kutokingwa, au wa kiasi tu. Angalia pia kama mwenendo wa kampuni unapingana na hoja yake. Kampuni iliyojua tangu mwanzo kwamba jengo ni la mbao, ikapokea ada mwaka hadi mwaka, itapata shida kudai leo kwamba ilidanganywa kuhusu mbao hizo.

Peleka kwanza malalamiko kwa uongozi wa kampuni, kisha TIRA, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009 ili mteja asilazimike kuanzia mahakamani. Uliza mapema kama thamani ya dai lako iko ndani ya mipaka ya ofisi hiyo. Njia hii inafaa sana kwa madai ya kati, ambayo gharama za wakili zingeyala.

Kabla ya kufungua shauri, tafuta katika hati kifungu cha usuluhishi wa nje ya mahakama. Kama kipo, na mgogoro uliopo ni wa aina kinayoitaja, kampuni inaweza kuiomba mahakama isimamishe shauri lako mpaka msuluhishi wa kifungu hicho aamue. Vifungu vingi vya namna hii vinahusu kiasi tu, si swali la kama kampuni inawajibika, na tofauti hiyo inafaa kusomwa na wakili. Mwanza ina Mahakama Kuu na masijala ya Divisheni ya Biashara, kwa hiyo hata dai kubwa halilazimu safari ya Dar es Salaam, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama.

Muda wa kudai kutokana na mkataba ni miaka sita kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Hati nyingine zinasema kwamba dai likikataliwa na shauri lisifunguliwe ndani ya miezi kumi na miwili, haki imepotea. Usipambane na kifungu hicho bila sababu; fungua shauri ndani ya mwaka ikiwezekana, kwa kuwa hoja kwamba kinagongana na kifungu cha 28 cha Sheria ya Mikataba, kinachobatilisha makubaliano ya kufupisha muda wa kudai haki, ni bora ibaki akiba ya wakili kuliko kuwa tegemeo lako pekee. Mazungumzo na kampuni, hata yawe ya heri kiasi gani, kwa kawaida hayasimamishi hesabu ya muda. Miaka sita ikipita, kinachobaki ni kumwomba Waziri mwenye dhamana ya sheria aongeze muda chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Ukomo, naye hawezi kuongeza zaidi ya nusu ya muda wa awali.